Gunia la Mikia

Ester mwanangu,

Salamu nitaziruka, maana uko hapo nyuma ya pazia unakunja nguo na nakusikia ukikohoa. Ningekuita tukae tuzungumze, lakini tangu juzi kila tukianza, mmoja wetu anainuka kabla maneno hayajaisha. Basi nimechukua kalamu. Barua hii nitaitia katikati ya vitenge vyako, uisome ukiwa umeshavuka mto Ruzizi, ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo huwezi kunipa mgongo.

Mambo ya safari siyaandiki. Mama Kabura anayekupeleka amepita njia hiyo na mchele wake mara nyingi kuliko mimi nilivyokwenda soko la Mulongwe, na anajua kwenye barieri za askari nani wa kusalimiwa na nani wa kupitwa kimya. Kula, kuoga na kusali nilishakufundisha, na kama hukuyashika miaka yote hii, hutayashika kwa karatasi. Mimi nataka kukuandikia juu ya nywele.

Usikunje uso. Leo asubuhi umefukua pale nyuma ya nyumba, kwenye mihogo ya sombe, ukaniletea lile shungi la mkia wa Gitare, ng'ombe wako, likiwa bado na udongo. Umeliweka mezani katikati ya ndoano zangu, ukasema: "Angalia tena, mama. Weye njo unajuaka nywele." Halafu ukaenda zako ziwani. Nimeliangalia. Nimelisafisha kwa maji nikaliangalia tena, na tangu hapo nimeshindwa kufunga hata ndoano moja. Mikono hii ambayo wavuvi wa Kalundu wanaitegemea imeshinda ikiligeuza shungi hilo.

Umesema utakwenda kumwona baba yako, umuulize kwa nini alikunyamazia miaka yote, kisha urudi kwangu. Nilipokusikia ukisema utarudi nilifurahi, nakuambia bila haya. Hasira yako juu yake ilikuwa tamu kwangu. Lakini lipo jambo ninalolijua na wewe hulijui. Nikinyamaza, utakwenda na hasira hiyo na utarudi nayo, na nitakuwa na mtoto nyumbani. Nikikuandikia, huenda usirudi kabisa. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, nimepika nalo, na ndiyo maana jana mboga haikuwa na chumvi.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu kwa sababu hakupata mtoto wa kiume, na watu walicheka. Mwanamke, kufunga ndoano za mukeke! Walicheka mpaka walipoona samaki huyo wa mukeke anafuata ndoano zangu na kuziacha zao. Wakadhani nina dawa. Sikuwa na dawa yoyote. Mukeke anakimbilia kitu kinachopita mbele yake kikitetemeka kama ndagala, hawa dagaa wetu, na ndoano tupu haitetemeki. Unaivika nywele chache, na hizo nywele ndizo zinazomdanganya. Kazi yote iko katika kuchagua.

Haya unayajua, ila nayaandika kwa sababu wewe una haraka ya mikono na unaweza kuyasahau ukiwa huko. Nywele za kondoo zinakunywa maji. Ukivuta ndoano unaona kitambaa cha kudeki. Za tumboni mwa mbuzi ni laini mkononi, ndiyo maana wanunuzi wajinga wanazipenda, lakini zikilowa zinashikana zote pamoja zikawa utambi. Ndevu za beberu zinafaa kwa sangala mkubwa, kama unavumilia harufu. Mbwa ana nywele nzuri lakini fupi, na mwenye mbwa anakuangalia vibaya. Mkia wa ng'ombe unazishinda zote. Nywele zake ni ndefu, zinang'aa, na majini kila unywele unasimama peke yake. Mvua zikinyesha na Ruzizi ikileta matope, funga nyeupe. Kiangazi maji yakiwa safi, changanya na za rangi ya udongo, na upunguze. Fundi mchanga hufunga nyingi akidhani anaongeza utamu, na samaki wanaona ufagio.

Baba yako Rubeni nilifahamiana naye kwa sababu ya nywele hizi. Alishuka kutoka milimani na ng'ombe wa kuuza na siagi yake kwenye kibuyu, mtu mrefu, mkimya, anayesali kabla ya kunywa hata maji. Nilimwona na ng'ombe mweupe ambaye mkia wake ulikaribia kugusa chini, mate yakanijaa mdomoni kama mtu aliyeona nyama. Nikamwambia nikatie huo mkia, nitakupa chumvi na ndagala. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mama," akasema, "ng'ombe ukimukatia mukila akiwa muzima, umemuvua nguo mbele ya watu. Inzi atafukuza na nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Lakini soko lililofuata alikuja na nywele za kujaza viganja viwili, alizozichana kwenye mikia asubuhi baada ya asubuhi, zile zinazotoka zenyewe bila kumwumiza mnyama. Zilikuwa zimesokotana ovyo. Nikamuuliza amezitoa kwa ng'ombe au kwenye kiota. Alivumilia matusi yangu, maskini, akakaa chini, nikamwonyesha: unywele una shina na una ncha. Shina ni nene, limekufa. Ncha ni nyembamba, na ndiyo inayocheza majini. Ncha haikatwi kamwe. Ukitaka kufupisha, kata upande wa shina. Na ncha zote lazima zitazame upande mmoja, la sivyo ndoano inakwenda mrama na samaki anaikimbia.

Tangu siku ile, kila alichoniletea kilikuwa kimepangwa. Vishungi vidogo, ncha upande mmoja, vimefungwa kwa kamba ya gome yenye mafundo mawili, moja juu ya jingine. Wameniletea nywele watu wengi, wachinjaji, watoto, wanajeshi. Wachinjaji hukupa mkia na ngozi yake na damu yake. Hakuna mwingine aliyewahi kunipangia ncha. Nilipaswa kulikumbuka hilo siku ile, na sikulikumbuka.

Ukaja wewe. Mama yako alikuwa amefariki ukinyonya, na Rubeni alitaka usome shule ya huku chini, ukikaa kwangu. Ulipofika ulikuwa huna meno ya mbele na ulikuwa unaniogopa. Ulinieleza habari moja tu wiki nzima, habari za Gitare, ng'ombe mweupe uliyepewa siku uliyozaliwa, mwenye nyuzi chache nyekundu katikati ya mkia, kana kwamba mtu alizipenyeza kwa sindano. Rubeni aliniambia atarudi baada ya mavuno ya maharagwe.

Hakurudi. Unakumbuka maneno yalivyoharibika mjini, watu wa kabila lenu wakaitwa adui. Watu wa milimani hawakuonekana tena sokoni, na walioonekana hatukujua walipelekwa wapi. Majirani niliokuwa nagawana nao chumvi walianza kuangalia pua yako. Hapo ndipo nilipokuita Riziki mbele za watu, na nikakufundisha kusema kama mtoto wa Kalundu aliyelelewa na mapovu ya ziwa. Nilikupiga marufuku kusali kwa sauti kwa lugha yenu. Hilo linaniuma mpaka leo, ingawa ningelifanya tena.

Siku waliyoingia wale watatu wenye bunduki ulikuwa unachambua nywele kwenye beseni. Mmoja akauliza huyu ni nani. Nikasema mwanangu. Akasema mbona hafanani na weye. Nikamwambia, "Hata minye sifanani na mama yangu. Ungemuona, ungekimbia." Wenzake wakacheka. Yeye hakupenda, akatia mkono kwenye kikapu changu kama mtu anayetafuta kitu cha kuiba, na ndoano tatu zikamshika kiganja. Akaanza kuvuta. Ndoano haivutwi nyuma, mwanangu, inasukumwa mbele mpaka ichomoze, ukate miiba yake, ndipo uitoe. Nilimshika mkono yule mtu mwenye bunduki, akatulia kama mtoto, nikakuambia: Riziki, leta maji ya mjomba. Ukaleta. Ukasimama pale na bakuli, na macho yako makubwa, na hukumwaga hata tone. Walipoondoka ndipo nilipokupokea lile bakuli.

Baada ya mapigano uliokota barabarani ganda la risasi, lile kubwa linalojaa mkononi. Nilikuchapa kofi kwa woga. Ulilia, kisha ukaniambia kwa ukaidi wako kwamba ni zuri kwa nywele. Ukatumbukiza shungi ndani, ncha chini, ukagonga chini ya ganda juu ya jiwe taratibu, na ulipozitoa ncha zote zilikuwa sawasawa. Kazi iliyokuwa inanimalizia macho, wewe uliimaliza kwa kugonga kidogo. Tumelitumia hadi leo, kitu kilichotengenezwa kuua kinatupangia nywele. Siku ile nilijua kwamba utanizidi.

Sasa nafika kwenye gunia.

Ulikuwa umelala na malaria. Mtu mmoja wa gari la mizigo kutoka njia ya Makobola alisimama mlangoni na gunia begani. "Mama, iko manyoya hapa. Banasema weye njo unanunuaka." Nikampa alichotaka, akaenda. Sikumuuliza ametoa wapi.

Nilifungua gunia pale uani, nikapiga magoti. Lilikuwa limejaa mikia. Nasema mikia, lakini zilikuwa nywele tupu, vishungi juu ya vishungi, vyeupe, vyeusi, vya rangi ya udongo, virefu mno, vingi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Si za kuchanwa. Zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Na chini kabisa nikakuta kimoja cheupe chenye nyuzi nyekundu katikati.

Sikulia. Nilikuwa nahesabu kichwani kama mtoto wa shule. Rubeni hakati mkia wa ng'ombe aliye hai. Mkia huu umekatwa. Basi Gitare amekufa, na ng'ombe wote hawa wamekufa. Na Rubeni hawezi kusimama akaangalia kundi lake likichinjwa. Basi Rubeni naye amekufa. Vidole vyangu vilishajibu, na mimi niliviamini kuliko nilivyomwamini Mungu. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Yule mtu wa gari alikuwa bado hajafika mwisho wa barabara. Ningekimbia ningempata.

Ulipopata nafuu nilikuonyesha lile shungi moja tu, na nikakuambia. Gunia sikukuonyesha jinsi lilivyofika. Nilikuambia tu nimenunua nywele kwa mtu wa gari, na hii ilikuwemo. Hatukuweza kufanya matanga, maana tungemlilia nani mbele ya majirani, Riziki ambaye baba yake hajulikani? Tulizika nywele badala ya mtu. Nilikunyoa kichwa jioni ile, na mimi nikajinyoa, na walipouliza tukasema ni chawa. Mama wa nyumba ya pili akatuletea mafuta ya taa ya kujipaka. Ulijipaka, ukasema asante. Mtoto wa umri ule, kumlilia baba yake kwa kisingizio cha chawa.

Gunia lililobaki nilifunga. Wakati wa kukimbilia milimani na kurudi, wakati ziwa lilipofungwa na lilipofunguliwa, mikia ile haikuisha. Nilikuwa nikiifungua kidogo kidogo, naifunga kwenye ndoano, na mvuvi ananiletea samaki, unga, wakati mwingine sabuni. Nilijiambia ni jambo baya kula mifugo ya marehemu, lakini mtoto wake anakula pia, basi atanisamehe.

Na juzi akaja Mama Kabura.

Wewe ulikuwa umepeleka ndoano bandarini. Alikaa pale kwenye kibao, akaomba maji, akafunga kitenge vizuri, kisha akasema bila kupanda wala kushuka: "Rubeni iko muzima. Nilimuona ng'ambo, na macho yangu."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia, minye nilimuzika.

"Ulizika nani? Nilikunywa naye chai. Ng'ombe haina tena hata moja, mguu moja unamuuma, lakini njo yeye." Akanywa maji. "Anauliza kama ile gunia ya mikia ilifika."

Ester, nilikuwa na ndoano mkononi. Iliingia kidoleni na sikusikia. Nilimwambia arudie. Akarudia polepole, kama unavyomrudia kiziwi. Kwamba siku za mwisho huko juu, njia zote za kushuka Uvira huku kwetu zilikuwa zimefungwa kwa mtu mwenye sura yake. Kwamba alitaka kukutumia kitu cha kukulisha. Akituma ng'ombe, atachinjwa kwenye barieri ya kwanza. Akituma hela, zitaishia mfukoni mwa wa kwanza kumpekua mbebaji. Nani ataiba nywele? Basi akatoa kisu, akapita kwa kila ng'ombe wa kundi lake, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama hai, akawakata mikia yote. Gitare pia. Akampa mbebaji wa mihogo aliyekuwa anashuka upande wa ziwa, akamwambia: mupelekee mama wa ndoano, Kalundu, ya kulisha mutoto. Mbebaji akampa mwingine, na mwingine naye mwingine, mpaka ujumbe ukapotea njiani na likabaki gunia. Yeye akaondoka na kundi lisilo na mikia, likiliwa na inzi, na njiani alipoteza wote.

Mama Kabura alidhani nalia kwa furaha, akanishika bega.

Sikufurahi. Nitakuambia neno hili hata kama utanichukia. Niliposikia baba yako yuko hai, kitu cha kwanza kilichoingia moyoni mwangu kilikuwa: atamchukua. Cha pili kilikuwa: laiti huyu mwanamke gari lake lingeharibika Sange huko njiani, abaki hukohuko na mchele wake. Furaha ilikuja baadaye sana, na ilikuja ikichechemea. Nilishangaa kujiona. Sikujua kwamba mtu aliyekulea kwa mapenzi yote haya anaweza, hata kwa dakika chache, kumtakia kifo mtu ambaye hajamkosea. Ndiyo hivyo, anaweza. Ukipata kumlea mtoto wa mwenzako siku moja, kumbuka kwamba hili litakujia, na lisikutishe hadi ukafanya ubaya.

Nilimwambia Mama Kabura aniachie nikueleze mwenyewe. Nikakueleza nusu. Yuko hai, yuko ng'ambo, anataka kukuona. Ukasimama pale mlangoni, ukaniuliza kwa sauti ndogo: "Kumbe nilimulilia muntu muzima?" Kisha ukauliza alikuwa wapi miaka yote, asitume hata neno. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikwenda kukoroga sombe.

Na leo umeniambia niangalie tena. Nimeangalia. Nywele haziozi upesi. Chini ya udongo Gitare bado ni mweupe. Hakuna ngozi. Hakuna alama ya damu. Mwizi wa ng'ombe hukata mkia pamoja na mfupa na kuutupa au kuuza hivyohivyo. Hana muda wa kukata nywele tu, juu ya mfupa, taratibu, asimjeruhi mnyama. Ncha zote zinatazama upande mmoja. Kamba ya gome bado ipo, ngumu, na ina mafundo mawili, moja juu ya jingine. Na siku ile, kwenye uwanja wangu, hivyo ndivyo vilivyokuwa vishungi vya gunia zima, vyote vimepangwa na kufungwa namna hiyo, na mimi, mwanamke wa nywele, nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikaona kifo. Mwizi gani hupanga ncha? Mtu alizipanga nywele zote zile usiku wake wa mwisho nyumbani, kwa sababu miaka ya nyuma mwanamke mmoja mwenye mdomo alimtukana sokoni kuhusu kiota.

Nilijua kweli kwamba Rubeni hawezi kumkata mkia ng'ombe aliye hai. Sikukosea hapo. Nilikosea kudhani kwamba hakuna kitu duniani ambacho kingemfanya aweze. Watu husema ng'ombe haelemewi na nundu yake, na mimi nimesema hivyo mara ngapi juu ya kukulea wewe, nikijisifu. Sikumpa yeye nafasi katika methali hiyo.

Basi sikia, na usome polepole. Baba yako hakukunyamazia. Atakuambia mwenyewe habari za gunia, lakini mtu mwenye hasira husikia maelezo kama utetezi, na yeye si mtu wa maneno mengi. Atasema mara moja kisha atanyamaza. Shahidi ni mimi. Mimi ndiye niliyelifungua, na ninashuhudia kwamba lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, na kwamba kila shungi lilikuwa limepangwa. Unga uliokula wakati wa njaa ulitoka humo. Dawa ya ile malaria iliyokurudia ilitoka humo. Daftari, viatu vya Noeli, yule jogoo uliyemlilia, vyote. Nilikuwa najivuna kwamba nimekulea peke yangu kwa mikono yangu miwili. Tulikuwa wawili tuliokuwa tunakulisha, na mmoja hakuwa na njia ya kujua kama mkono wake unafika.

Hiki ndicho nilichokuwa nakificha. Sasa sina kingine cha kukurudisha.

Ukikuta huko kwamba moyo wako unataka kubaki, baki. Mguu wake unauma na hana ng'ombe, na mtu kama yule bila ng'ombe hajui aamke saa ngapi. Usirudi kwa sababu ya kunionea huruma. Mimi nina wavuvi wa kugombana nao. Ukirudi, rudi kwa sababu umetaka, na mlango unaujua, unasukumwa kwa bega. Sitasema sitalia. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na nimegundua leo kwamba baada ya kulea kuna kazi nyingine ambayo hakuna aliyeniambia jina lake.

Ile habari ya kuomba msamaha nimeiacha makusudi. Nikisema nisamehe, utajiona una deni la kujibu, na kesho una safari. Nimekufanya umzike baba aliye hai. Chukua muda wako wote.

Nakusikia umeacha kukunja nguo. Nadhani umeketi kitandani. Nitamaliza, nije nikusuke nywele kwa ajili ya safari, na tusizungumze.

Bado jambo moja. Baba yako alimtuma Mama Kabura aniulize kama gunia lilifika, na Mama Kabura aliondoka hapa bila jibu, kwa sababu mdomo wangu ulikataa kufunguka. Kwa hiyo Rubeni hajui mpaka sasa. Miaka yote hajui kama ulikula. Atakuuliza wewe, labda kabla hata ya kukusalimu. Usianze kumweleza habari za mtu wa gari, wala za chawa, wala za makosa yangu. Hayo yatapata siku yake. Simama tu mbele yake wima, na urefu wako huo, mwache akuangalie mpaka atosheke.

Mama yako